Vidonge vya Uzazi wa Mpango: Vinazuia Mimba kwa Uhakika Gani, na Jinsi ya Kuvimeza Visikuangushe

"Nimesahau kimoja juzi, nina mimba?" "Wiki ya vidonge vya kahawia bado niko salama?" "Akimwaga ndani je?" "Nimepewa antibayotiki ya koo, vidonge vyangu bado vinafanya kazi?" Maswali haya manne nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba mtu akishusha sauti tu, najua lipi linakuja. Sasa nayaandika majibu mahali pamoja. Soma kabla ya kidonge cha kwanza, kisha urudi siku ukiteleza.

Jibu fupi kwanza. Wanawake 100 wakimeza vidonge mwaka mzima bila kukosea hata siku moja, wanaopata mimba ni 0.3, yaani 3 kati ya 1,000. Wakimeza kama binadamu wanavyomeza, leo saa mbili, kesho saa tano, keshokutwa wamesahau kabisa, wanaopata mimba mwaka huohuo ni kama 7 kati ya 100. Wasiotumia njia yoyote ni kama 85 kati ya 100. Kidonge ni kilekile kwa makundi yote mawili ya mwanzo. Kinachotofautiana ni mmezaji.

Namba hizi ni za mwaka, wala si za tendo moja. Kwa hiyo usiseme "ni asilimia 99, basi kila mara ya mia nitanasa." Wala usizichukulie kirahisi. Piga hesabu: kama kila mwaka 7 kati ya 100 wanapata mimba na hali haibadiliki, baada ya miaka 5 wamefika kama 30. Kwa wasiokosea, miaka 5 hiyohiyo inatoa kama mmoja na nusu. Mwongozo huu wote ni wa kukutoa kundi la pili na kukupeleka la kwanza.

Nadharia moja tu, nayo ni namba 7

Vidonge vyenye homoni mbili (vipo pia vya homoni moja, tutavitofautisha kwenye hatua ya 1) kazi yake kubwa ni kuzilaza ovari zisitoe yai. Pia hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zipite kwa shida. Ovari huhitaji kama siku 7 za vidonge mfululizo ili zilale, na zikikaa zaidi ya siku 7 bila homoni zinaweza kuanza kuamka.

Angalia sasa pakiti yako. Mapumziko yake, au vile vidonge visivyo na dawa, mara nyingi ni siku 7. Maana yake mapumziko yamekwisha kula nafasi yote uliyokuwa nayo. Hakuna siku ya ziada. Ndiyo maana kusahau kidonge kimoja katikati ya pakiti, jambo linalowakosesha watu usingizi, kwa kawaida hakuleti kitu. Kuchelewa kufungua pakiti mpya, jambo ambalo watu hulisimulia kwa kupita tu ("ah, nilichelewa siku tatu hivi, duka lilikuwa limefungwa"), ndiko kunakoleta mimba.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kipimo cha presha. Ikiwa ni 140/90 au zaidi, vidonge vya homoni mbili kwa kawaida havikufai. Kuna njia nyingine. Kupimwa ndani ya uke si lazima ili upewe vidonge.
- Ukweli kuhusu afya yako. Mwambie mtoa huduma kama una miaka 35 au zaidi na unavuta sigara, kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya matiti, ugonjwa mkubwa wa ini, au kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Hapa usifiche kitu. Homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, na mtu mwenye mambo haya hapaswi kuongezewa.
- Habari za uzazi wako wa karibuni. Unayenyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 6, kwa kawaida utaelekezwa kwenye vidonge vya homoni moja. Usiyenyonyesha, vidonge vya homoni mbili husubiri angalau wiki 3 baada ya kujifungua, na wiki 6 kama una jambo jingine linaloongeza hatari ya damu kuganda.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba.
- Pakiti mbili au tatu kwa mpigo. Mwenye pakiti moja nyumbani ni mtu anayesubiri kuchelewa.
- Kondomu. Utazihitaji siku za mwanzo na siku za makosa. Isitoshe, vidonge havizuii VVU, kaswende wala kisonono hata kidogo.
- Simu yenye kengele, na ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi. Karatasi hiyo usiitupe. Ipige picha uihifadhi kwenye simu.

Hatua kwa hatua

1. Jua umeshika aina gani.

Hili linarukwa na wengi, halafu wanafuata ushauri wa pakiti ya jirani. Soma boksi. Ukiona neno *ethinylestradiol* au *estradiol* pamoja na jina la homoni ya pili, una vidonge vya homoni mbili. Ukiona jina moja tu, kama *levonorgestrel*, *norethisterone*, *desogestrel* au *drospirenone*, una vidonge vya homoni moja, ambavyo baadhi ya watu huviita vya wanaonyonyesha ingawa yeyote anaweza kuvitumia.

Kisha hesabu. Pakiti ya vidonge 21 humezwa siku 21, unapumzika siku 7. Pakiti ya 28 ya homoni mbili mara nyingi ina 21 vyenye dawa na 7 visivyo na dawa, vya rangi tofauti, mara nyingine vikiwa na madini ya chuma. Zipo pia za 24 na 4, na hizo zinakuachia nafasi kubwa zaidi kwa sababu mapumziko yake ni mafupi. Vidonge vingi vya homoni moja vina dawa vyote 28 na havina mapumziko kabisa.

Angalizo: ukiona *levonorgestrel* ya miligramu 1.5 ikiwa kidonge kimoja peke yake, hiyo ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, si ya kumeza kila siku.

2. Chagua siku ya kuanza.

Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, umekingwa tangu siku hiyo. Unaweza pia kuanza siku nyingine yoyote, mradi una hakika ya kutosha kuwa huna mimba. Ila hapo utatumia kondomu siku 7 za mwanzo kwa vidonge vya homoni mbili, au siku 2 kwa vingi vya homoni moja. Vidonge vya *drospirenone* peke yake vina masharti yake: siku 7, isipokuwa umeanza siku ya kwanza ya hedhi.

Baada ya mimba kuharibika au kutolewa, unaweza kuanza mara moja. Kama unatoka kwenye sindano, anza siku ambayo ungechomwa inayofuata, usiiache ipite.

Huyakumbuki hayo yote? Tumia kondomu siku 7. Hujapoteza kitu.

3. Funga kidonge kwenye jambo usiloweza kusahau.

Kupiga mswaki usiku, kwa mfano. Kengele pekee haitoshi, kwa sababu utaizima ukiwa ndani ya basi na pakiti iko nyumbani. Beba pakiti kwenye mkoba. Kama tumbo hukuchafuka, meza na chakula au wakati wa kulala.

4. Meza kimoja kila siku kwa kufuata mshale wa pakiti.

Pakiti nyingine vidonge vyake vya dawa vina rangi mbili au tatu kwa sababu kiasi cha homoni hubadilika wiki hadi wiki. Hizo usizichanganye. Kila siku maana yake kila siku: siku mwenzi wako yupo, siku amesafiri, siku mmegombana.

Kwa vidonge vya homoni mbili, saa chache za kuchelewa hazikupunguzii kinga. Saa maalumu inasaidia kumbukumbu zaidi kuliko ovari. Kwa homoni moja mambo ni tofauti, na nitayaeleza kwenye hatua ya 7.

5. Vuka mapumziko bila kuyarefusha.

Hapa ndipo pa kukaza macho.

Siku za mapumziko bado umekingwa. Ndiyo, hata akimwaga ndani, kwa sababu hakuna yai la kurutubishwa. Lakini kinga hiyo ina masharti mawili: vidonge vya pakiti iliyopita ulivimeza sawasawa, na pakiti mpya utaianza siku yake. Sharti la pili hulijui mpaka siku yenyewe ifike, nalo ndilo linalovunjwa.

Mbinu rahisi ni ya siku ya wiki. Ukianza pakiti ya kwanza Jumatano, basi kila pakiti ya vidonge 21 au 28 itaanza Jumatano, mwaka nenda mwaka rudi. Andika "JUMATANO" kwa kalamu kwenye boksi. Ikifika Jumatano na damu bado inatoka, fungua pakiti. Ikifika na damu haijaja kabisa, fungua pakiti. Damu ya mapumziko si hedhi halisi. Ni mwili unavyoitikia kukosa homoni kwa siku kadhaa, na wala haihesabiwi. Anayeanza kuhesabu "siku 7 tangu damu ikatike" anajirefushia mapumziko bila kujua.

Na ukitaka, unaweza kuyaruka mapumziko kabisa: maliza vidonge vyenye dawa, acha visivyo na dawa, anza pakiti nyingine kesho yake. Hakuna uchafu unaojikusanya tumboni. Huenda ukaona matone ya damu siku mbili tatu, basi. Kwa anayesahau sana mwanzo wa pakiti, mimi huona hii ni njia bora kuliko kengele kumi. Pakiti zenye rangi nyingi za dawa ziulizie kwanza kwa mfamasia.

6. Ukikosa kidonge cha homoni mbili, usikisie, fuata hii.

Hesabu kuanzia saa uliyotakiwa kumeza.

*Hujafika saa 24:* meza sasa. Hakuna zaidi.

*Zimepita saa 24 lakini hazijafika 48 (umekosa kimoja):* meza mara ukikumbuka, hata kama ni viwili siku moja. Endelea kama kawaida. Huhitaji kondomu.

*Zimepita saa 48 au zaidi (umekosa viwili au zaidi):* meza kimoja, kile cha mwisho ulichokosa, sasa hivi. Vingine ulivyokosa vitupe. Endelea na pakiti kwa saa yako ya kawaida na tumia kondomu, au usifanye tendo, mpaka umeze vidonge vyenye dawa siku 7 mfululizo. Kisha tazama ulikuwa wiki gani:

- Wiki ya kwanza, au umechelewa kuanza pakiti mpya kwa siku 2 au zaidi: hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kama ulifanya tendo ndani ya siku 5 zilizopita, tafuta dawa ya dharura leo, si kesho.
- Wiki ya pili: kama ulimeza vizuri siku 7 kabla ya kukosa, kondomu za siku 7 zinatosha.
- Wiki ya tatu: maliza vidonge vyenye dawa vilivyobaki, usipumzike, tupa visivyo na dawa, fungua pakiti mpya siku inayofuata. Ukikosa viwili vya mwisho kisha ukapumzika siku 7, umekaa siku 9 bila homoni huku wewe ukidhani umekosa viwili tu.

Vikiwa vimesahaulika vile vya kahawia au vyeupe visivyo na dawa, vitupe na usahau habari yake. Usisogeze tu siku ya pakiti mpya.

Karatasi ya pakiti yako ikisema masharti makali kuliko haya, fuata karatasi.

7. Kwa vidonge vya homoni moja, tazama saa.

Vile vya zamani, vya *levonorgestrel* au *norethisterone*, vinategemea zaidi kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na kazi hiyo hupungua haraka. Ukichelewa zaidi ya saa 3, hesabu kuwa umekosa. Vya *desogestrel*, ambavyo huzuia pia yai kwa uhakika zaidi, vinakupa saa 12. Vya *drospirenone* vinakupa saa 24, na ndivyo vyenye siku 4 zisizo na dawa, tofauti na wenzake.

Ukipita muda huo: meza mara moja, kinachofuata meza kwa saa yake, na tumia kondomu siku 2 zinazofuata. Baadhi ya karatasi huandika siku 7. Ya kwako ikisema hivyo, ni 7. Kama ulifanya tendo katika siku ulizokosa au baada yake, uliza kuhusu dawa ya dharura. Mama anayenyonyesha kikamilifu mtoto wa chini ya miezi 6, ambaye hedhi haijarudi, ana kinga ya kunyonyesha juu ya ile ya kidonge, kwa hiyo kuteleza kwake si kukubwa kama kwa mwingine.

Pakiti ikiisha, nyingine inaanza kesho yake asubuhi au jioni ileile uliyozoea. Wapo wanaotoka homoni mbili kwenda homoni moja wakabeba na mazoea ya kupumzika wiki. Hiyo ni wiki nzima bila kinga.

8. Ukitapika au kuharisha.

Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine chenye dawa (chukua cha pakiti ya akiba). Karatasi nyingine husema saa 3 au 4. Kuongeza kidonge kimoja hakuna hatari. Kutapika au kuharisha sana kukizidi siku moja, endelea kumeza ukiweza, lakini zihesabu siku hizo kama siku ulizokosa na urudi hatua ya 6 au ya 7.

Pombe yenyewe haiharibu kidonge. Ila usiku wa pombe ndio usiku wa kutapika na wa kusahau, basi meza kabla hujatoka.

9. Kila ukiandikiwa dawa, taja vidonge vyako.

Antibayotiki za kawaida, kama amoksilini au doksisaiklini, hazipunguzi nguvu ya vidonge isipokuwa zikikutapisha au kukuharisha. Hofu hii imeenea kuliko inavyostahili.

Zinazopunguza kweli ni chache na zina majina: rifampisini na rifabutini za kifua kikuu, kabamazepini, fenitoini, fenobabito na topiramati za kifafa, baadhi ya dawa za VVU, hasa zenye ritonaviri, griseofulvini ya fangasi, na mmea unaouzwa kwa jina la St. John's wort kwa ajili ya huzuni. Hizi hulifanya ini lichome homoni haraka kuliko unavyozimeza. Na ukiacha dawa hiyo leo, ini halirudi hali yake leo. Hesabu wiki 4 zaidi. Kumeza vidonge viwili kwa siku kwa uamuzi wako si dawa ya tatizo hili. Uliza kuhusu sindano ya miezi mitatu au kitanzi, ambavyo havisumbuliwi nazo.

Lamotrigini ya kifafa ni kinyume: vidonge vya homoni mbili ndivyo vinavyoipunguza yenyewe, na degedege linaweza kurudi. Mwambie daktari wako kabla ya kuanza, na pia kabla ya kuacha.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kumeza siku za tendo tu. Hiki si kidonge cha tendo. Kinafanya kazi kwa mfululizo. Ukimeza Ijumaa na Jumamosi peke yake, huna kinga.

"Kuupumzisha mwili" miezi miwili kila mwaka. Mwili hauhitaji. Uwezo wa kupata mimba hurudi upesi sana baada ya kuacha, na wengi wa waliopumzisha mwili wamepumzika na mimba. Vidonge haviachi ugumba nyuma yake, hata ukivitumia miaka.

Kumeza vitano kwa pamoja kufidia vya siku tano. Utapata kichefuchefu, hutapata kinga.

Kugawana pakiti. Rafiki kaishiwa, unampa vidonge saba. Sasa mko wawili wenye pakiti pungufu, na huenda yeye presha yake haijapimwa tangu azaliwe.

Kuacha kwa sababu ya matone ya damu. Hili linastahili maelezo yake, ndilo la kwanza hapa chini.

Mambo yakienda kombo

*Damu inatoka katikati ya pakiti.* Ni kawaida miezi 3 ya mwanzo, na kwa homoni moja inaweza kuendelea zaidi. Haimaanishi kidonge kimeshindwa. Endelea kumeza, ukiacha ndipo kinga inapokwenda. Kama umekuwa ukisahau, matone hayo huenda ni matokeo ya kusahau, basi rudi hatua ya 6. Ikianza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, au ikiwa baada ya tendo, kapimwe.

*Mapumziko yamepita na damu haijaja.* Ulimeza vyote? Uwezekano wa mimba ni mdogo sana. Fungua pakiti mpya siku yake. Ulikosa baadhi, ulikuwa unatumia dawa za hatua ya 9, au ni mara ya pili mfululizo? Pima mimba, lakini usichelewe kuanza pakiti ukisubiri kipimo.

*Lini kipimo cha mimba kinaaminika?* Wiki 3 baada ya tendo unalolihofia. Kikisoma hapana siku ya nne, hakijakwambia kitu.

*Nimegundua nina mimba na nimekuwa nikimeza.* Acha vidonge, uende kliniki. Haijulikani vidonge hivi kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo usibebe hofu hiyo juu ya nyingine. Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, au kuzimia, yanataka hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa nje ya mji wa mimba.

*Nahitaji dawa ya dharura.* Levonorgestrel ya miligramu 1.5 hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Ulipristali ya miligramu 30 inafika hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazishinda zote mbili, na unabaki nacho kama njia ya muda mrefu. Jambo moja ambalo wauzaji hulisahau: baada ya levonorgestrel unaendelea na vidonge vyako palepale, baada ya ulipristali unasubiri siku 5 kabla ya kuvirudia, kwa sababu homoni za vidonge huipunguzia nguvu. Siku zote hizo ni kondomu, hadi vidonge vikamate tena.

*Nasafiri kwenda nchi yenye saa tofauti.* Hesabu saa 24, si saa ya ukutani. Simu ikijibadilisha saa yenyewe, na kengele inahama nayo. Kwa homoni mbili hili si shida. Kwa homoni moja ya saa 3, andika saa ya nyumbani kwenye pakiti.

*Mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, pumzi zinakata, kichwa kinauma kuliko kilivyowahi kuuma, macho yanaona giza au ulimi umekuwa mzito.* Acha vidonge vya homoni mbili na uende hospitali sasa, na utaje kuwa unavimeza. Vivyo hivyo macho na ngozi vikigeuka njano.

*Nimefuata yote, lakini kila mwezi nasahau viwili vitatu.* Basi kubali kwamba kidonge cha kila siku hakikufai, wala hakuna aibu. Kipandikizi cha mkononi na kitanzi havikungojei ukumbuke. Kwa njia hizo mbili, mwaka mzima, wanaopata mimba hawafiki mmoja kati ya 100, awe msahaulifu au mwenye kumbukumbu ya chuma. Mpaka siku utakapowekewa, usiache vidonge ulivyonavyo, na kondomu ziwe karibu.